Mwaka wa Kwanza na Kamera: Kujifunza Kupiga Picha Kutoka Menengai Hadi Dunga

Anayeanza kupiga picha huuliza mambo mawili: anunue nini, na atajuaje kama anapiga hatua. La kwanza lina jibu fupi. La pili ndilo huwashinda wengi, kwa sababu picha elfu tano zilizorundikwa kwenye laptopu hazisemi kitu mpaka mwenyewe ajue kila mbovu iliharibikia wapi. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kazi yake nyingine, anayepata asubuhi moja au mbili kwa wiki, na anayeishi kati ya Nakuru na Ziwa Victoria. Vifaa ni kamera moja, lenzi moja na daftari.

Kamera na lenzi

Kamera iliyotumika inatosha kabisa. Canon EOS 600D ya 2011 ina pikseli milioni 18, Nikon D3200 ya 2012 ina milioni 24, na hakuna mtu atakayeitazama picha yako ukutani akajua ulitumia ipi. Lenzi ya 18–55 mm inayokuja na kamera iweke kabatini kwa miezi michache ya mwanzo. Tumia 50 mm yenye tundu, yaani uwazi unaopitisha mwanga, la f/1.8 (namba ndogo ndiyo uwazi mkubwa). Haivuti wala hairudi nyuma, kwa hiyo ni wewe utakayetembea, na kutembea ndiko kunakofundisha mpangilio wa picha. Kwa kamera hizi 50 mm huona eneo ambalo 75 hadi 80 mm ingeona kwenye kamera ya filamu: nzuri kwa watu, finyu kidogo ndani ya nyumba.

Wanunuzi wa Nikon waangalie kitu kimoja. Kamera za familia ya D3000 na D5000 hazina mota ya fokasi ndani. Lenzi ya zamani iliyoandikwa AF itaingia vizuri, itapima mwanga, lakini fokasi utaizungusha kwa mkono maisha yako yote. Inayotakiwa ni iliyoandikwa AF-S.

Kabla ya kutoa pesa, mulika tochi ya simu kupitia lenzi kutoka nyuma. Ukiona nyuzi nyembamba zinazotawanyika kutoka ukingoni, huo ni ukungu wa kuvu, na kwa mtu anayeishi karibu na ziwa utaongezeka tu. Iache. Kisha weka f/16, toa fokasi, piga anga tupu, na uikuze picha: madoa meusi ni vumbi kwenye sensa, husafishika, lakini mikwaruzo haisafishiki. Mwisho, fungua tundu lote, weka kasi ya 1/4000 ya sekunde, elekeza angani upige picha tano. Ikiwa upande mmoja wa picha una giza, shata, pazia la mbele ya sensa, inachoka. Memori kadi nunua mpya, kisha ijaze faili hadi pomoni na uzirudishe zote kwenye kompyuta kabla ya kuiamini. Kadi bandia huandikwa GB 64 wakati ndani ina 8, na hukubali kila kitu unachoipa hadi siku utakapotaka kukisoma.

Asiye na kamera aanze na simu. Mwanga na mpangilio atajifunza sawasawa. Kazi ya tundu ndiyo itabidi isubiri.

Miezi mitatu ya kwanza ni ya mwanga

Weka kamera kwenye Av (Canon) au A (Nikon). Hapo wewe unachagua tundu na kamera inachagua kasi. ISO, yaani wepesi wa sensa kuhisi mwanga, iweke mwenyewe: 100 juani, 400 kivulini, 800 hadi 1600 ndani ya nyumba. Hifadhi picha kwa RAW, faili ghafi ambayo kamera haijaihariri, pamoja na JPEG. Fokasi iwe ya nukta moja, wala si zote kwa pamoja. Baada ya hapo menyu iache, maana anayebadilisha mipangilio kila wiki hajui ni badiliko lipi lililomsaidia.

Sasa jua. Ikweta inapita Maseno, mwendo mfupi kutoka Kisumu, na jambo hilo lina maana kwa mpiga picha kuliko kibao cha watalii. Huku jua hupanda karibu wima, nyuzi 15 kila saa. Maelekezo ya Ulaya yanayosifu mwanga wa dhahabu wa saa mbili au tatu hayatufai. Kisumu, mwanzoni mwa Novemba, jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi. Katikati ya Februari ni karibu saa moja kasoro dakika kumi. Nakuru hutangulia kwa dakika tano hivi. Mwanga wa manjano ulio chini kabisa hudumu kama nusu saa, na kufikia saa mbili na robo vivuli vimeshakuwa vikali. Kwa hiyo ukipanga kufika Dunga, ufuko wa wavuvi wa Kisumu, saa moja na nusu, umepanga kukuta nusu ya kazi imepita. Jioni ni vivyo hivyo kinyume chake: jua likishazama, una dakika ishirini hivi za bluu kabla ya giza.

Saa sita hadi saa tisa si muda wa kulala, ila ni wa kujua pa kusimama. Mwezi wa tatu na wa tisa jua huwa utosini kabisa, na mtu akisimama juani macho yake huwa mashimo mawili meusi. Msogeze chini ya mabati ya kibanda au veranda, asimame mita moja ndani ya ukingo wa kivuli, uso ukielekea nje. Mwanga utatoka kwenye ardhi na anga iliyo mbele yake, laini na wa kutosha: ISO 400, f/2.8, na kasi utaiona iko juu ya 1/250. Angalia ardhi yenyewe. Lami hurudisha mwanga usio na rangi. Udongo mwekundu wa Kakamega au Vihiga huparaza wekundu chini ya kidevu, na wekundu huo utahangaika nao baadaye kwenye kompyuta. Gunia jeupe la mahindi lililotandikwa miguuni pake humaliza shida hiyo bila gharama.

Zoezi la miezi hii ni moja: mwombe ndugu au rafiki mmoja, mahali pamoja, umpige kila baada ya saa moja kuanzia jua linapochomoza hadi linapozama, siku moja ya Jumamosi. Picha kumi na tatu zikipangwa kwa mstari zitakufundisha zaidi ya video za wiki nzima.

Ngozi, nguo nyeupe na kipimo cha kamera

Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakijui kinatazama nini. Hukisia kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, kina weupe wa kijivu cha wastani, kisha hupanga mwangaza ili kitoke hivyo. Makosa mengi ya anayeanza yanatoka kwenye dhana hiyo.

Mpige mtu Hippo Point, kando ya ziwa Kisumu, akiwa na anga na maji nyuma yake. Kamera itaona weupe mwingi, itapunguza mwanga, na uso utatoka kama kivuli. Tumia kitufe cha +/−, ongeza kuanzia +1 hadi +1.7. Anga itaungua kidogo. Acha iungue, mtu ndiye picha. Sasa sogea karibu hadi uso mweusi ujaze fremu nzima, nyuma kukiwa na ukuta wa rangi nzito. Hapo kamera itakosea upande wa pili: itaona weusi mwingi, itaongeza mwanga, na ngozi itatoka ya kijivu, iliyopauka, isiyo na uhai. Punguza −0.3 hadi −0.7. Ngozi nyeusi hupata umbo lake kutokana na mng'ao wa paji, mashavu na mfupa wa pua, na mng'ao huo unatokea mwanga ukitoka pembeni, dirishani au mlangoni, si ukitoka mbele. Mmulike mtu kwa flashi ya kamera usoni moja kwa moja, na umbo lote limekwenda. Programu za simu zinazong'arisha ngozi kwa kubonyeza mara moja tunashauri uzifute. Zinafuta hicho hicho ulichoamka alfajiri kukitafuta.

Mtihani halisi ni Jumamosi au Jumapili mjini Nakuru, ambapo Wakorino wakitoka ibadani huwa wamevaa vilemba na kanzu nyeupe pe. Uso mweusi na kitambaa cheupe ndani ya fremu moja, tena juani, ni zaidi ya uwezo wa sensa yoyote ya bei yetu. Fuata utaratibu huu. Kwanza, baada ya kupewa ruhusa, mwombe mtu asogee kivulini. Si kwa sababu kitambaa kitapungua weupe; ni kwa sababu juani kilemba chenyewe hutupa kivuli usoni na kuongeza tofauti. Pili, washa onyo la sehemu zilizoungua, lile linalofanya weupe uliopotea upepese kwenye kioo. Tatu, piga, tazama, punguza mwangaza kwa thuluthi moja moja hadi kilemba kiache kupepesa. Uso utaonekana na giza kwenye kioo. Usiogope. Kwenye faili ya RAW uso unaweza kuinuliwa hatua moja na nusu (kila hatua ni mwanga maradufu) bila chenga, yaani punjepunje, nyingi, lakini mikunjo ya kilemba iliyoungua hairudi, iwe kwa programu ya bure au ya kulipia.

Kusoma picha yenye ukungu

Picha ikitoka bila ukali, anayeanza husema lenzi ni mbovu. Mara nyingi lenzi haina hatia. Ikuze picha hadi asilimia mia kwenye kompyuta na uulize swali moja: je, kuna kitu chochote kilicho kali humu?

Kama hakuna, na kila nukta ya mwanga imevutwa upande mmoja, mkono ulitikisika. Kasi ya chini ya kushika kwa mkono ni moja ikigawanywa kwa urefu wa lenzi uliozidishwa kwa 1.5 au 1.6. Kwa 50 mm hiyo ni 1/80. Fanya 1/125 uwe na akiba. Viwiko vibane mbavuni, toa pumzi nusu, bonyeza polepole. Wengi hutikisa kamera kwa kidole chenyewe, kwa kukidungua kitufe kwa nguvu.

Kama ukuta wa nyuma ni mkali lakini mtu amepakazika, mtu ndiye aliyesogea, na hapo hata stendi ya miguu mitatu haisaidii. Mtu anayezungumza anataka 1/160. Watoto wanaocheza 1/250 hadi 1/500. Bodaboda inayopita 1/500 na zaidi. Ndege anayeruka 1/1000 ndiyo mwanzo.

Kama sikio ni kali na jicho si kali, umekosa fokasi. Hili ndilo kosa la f/1.8, na hesabu yake inashtua: ukiwa na 50 mm umbali wa mita moja na nusu, sehemu iliyo kali ina unene wa sentimita 6 tu kutoka mbele hadi nyuma. Mtu akipumua tu ametoka. Weka f/4, unene unapanda hadi kama sentimita 14, na mandhari ya nyuma bado italainika. Nukta ya fokasi iweke juu ya jicho lililo karibu nawe, usilenge kwa nukta ya katikati kisha ukageuza kamera, kwa sababu mgeuko huo mdogo unakula sentimita zako zote. Watu wawili wasimame mstari mmoja, la sivyo panda hadi f/5.6.

Lipo la nne, ambalo halitokani na wewe. Kuanzia saa nne asubuhi, hewa juu ya nyasi na matope ya Ziwa Nakuru huanza kucheza kwa joto. Ukipiga kifaru aliye mbali mita mia tatu kwa lenzi ndefu, kingo zake zitakuwa na mawimbi. Hakuna kasi wala stendi itakayoponya. Njoo mapema au sogea karibu.

Kila aina ya ukosefu ipe herufi: T kutikisika, M mwendo wa mtu, F fokasi, U kuungua, G giza, P mpangilio. Kila mwisho wa mwezi, chukua picha kumi ulizozipiga kwa matumaini na zikakuangusha, ziandike kwenye daftari pamoja na herufi, kasi, tundu na ISO. Usifute kabla ya kuandika. Daftari hili ndilo litakalotumika mwisho wa mwaka, na ukilipuuza sehemu iliyobaki ya mwongozo huu haitakusaidia.

Kutoka nje

Mwezi wa nne na kuendelea, toka. Kila mahali pana upande wake wa jua, na kujua upande huo ndiko kunakotofautisha safari yenye faida na nauli iliyopotea.

Dunga, kusini ya mji wa Kisumu, ziwa liko magharibi. Asubuhi jua liko mgongoni kwako ukitazama maji, kwa hiyo mitumbwi na nyuso za wavuvi wanaorudi humulikwa kikamilifu. Jioni jua liko mbele, na hao hao huwa vivuli vyeusi juu ya maji mekundu. Chagua unachotaka kabla ya kuondoka nyumbani. Asubuhi maji pia huwa matulivu, upepo wa kutoka ziwani huamka mchana. Mtumbwi unapoguswa na wimbi haukai, hivyo 1/250 ndiyo ya chini hata kama watu wametulia. Omena waliotandazwa kwenye nyavu humeremeta kama vipande vya kioo na kuidanganya kamera upande wa giza na upande wa mwanga kwa wakati mmoja; piga goti, jua liwe ubavuni, punguza −0.7, na ulenge mikono ya anayewageuza badala ya samaki. Magugumaji husukumwa na upepo: ghuba iliyojaa kijani asubuhi yaweza kuwa wazi alasiri, kwa hiyo usiahirishe picha ya magugu. Mbao za kupandia mtumbwi zina utelezi wa magamba. Mkanda wa kamera uwe shingoni, na uwe na mfuko wa plastiki mzito mfukoni.

Menengai, kreta ya volkano kaskazini ya mji wa Nakuru, inataka ujanja mwingine. Sehemu ya kutazamia iko ukingo wa kusini, mita 2,278 hivi juu ya usawa wa bahari, nawe unatazama kaskazini, kwa hiyo asubuhi jua linatoka kulia na jioni kushoto, na vyote viwili huchora mawe meusi ya lava kwa vivuli. Mchana yote hulala bapa. Shimo lenyewe lina kilomita kama 12 kwa 8, na 50 mm haitalimeza. Geuza kamera wima, weka kamera kwenye M (kasi na tundu unachagua wewe) ili mwangaza usibadilike, piga fremu sita au saba kutoka kushoto kwenda kulia, kila moja ikilalia thuluthi ya iliyotangulia, kisha uziunganishe kwa Hugin, programu ya bure. Januari na Februari vumbi hufanya kuta za mbali zififie. Siku iliyofuata mvua ndiyo siku yake. Nenda na wenzako, na ubebe sweta.

Ndani ya mbuga ya Ziwa Nakuru, Baboon Cliff iko magharibi ya maji, hivyo alasiri ndiyo saa yake. Heroe usiwategemee. Tangu maji yalipoanza kupanda miaka ya mwanzo ya 2010, chumvi na magadi ya ziwa vilipungua nguvu, mwani wanaoula ukapungua, na makundi makubwa yakatawanyika kwenda Bogoria na kwingineko. Waliopo ni vitone vya waridi kwa 50 mm. Azima au kodi 70–300 mm kwa siku hiyo, au piga miti iliyokufa imesimama majini, ambayo ni picha nzuri kuliko watu wengi wanavyodhani.

Msitu wa Kakamega ni giza. Chini ya miti mikubwa, mchana kweupe, utajikuta kwenye ISO 3200, f/2.8, 1/125. Mwanga unaopenya majani hugeuza ngozi kuwa ya kijani. Mizani ya rangi iweke kwa kupima karatasi nyeupe papo hapo, usiiachie kamera. Mbega mweusi mwenye manyoya meupe ni kilemba cha Mkorino kilichopanda mti: okoa weupe kwanza. Mvua ya huko hupenda alasiri, na radi za magharibi si mchezo. Ukisikia ngurumo, kunja stendi ya chuma na uondoke chini ya mti mrefu.

Kibuye, soko la Kisumu, hasa Jumapili linapofurika, ni shule ya watu. Usipige kwa kuibia. Salimia, nunua kitu ukihitaji, kisha sema wazi: "Mama, habari ya biashara? Mimi najifunza kupiga picha. Naomba nikupige ukiendelea na kazi, Jumapili ijayo nitakuletea yako." Akikataa, asante na usonge. Akikubali, timiza ahadi: picha iliyoletwa kweli hufungua safu nzima ya vibanda. Picha inayomtambulisha mtu ni data yake binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na ukiitangaza au kuiuza unahitaji idhini yake. Kwa mtoto, idhini ya mzazi. Mnamo Septemba 2023 Kamishna wa Data alitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi. Kambi za jeshi na vituo vya polisi usiviguse kabisa, na ukitaka kurusha droni, leseni kwanza.

Unyevu, vumbi na faili

Kisumu kamera haiuawi na mvua, inauawa na unyevu wa kabatini. Tafuta kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, weka pakiti za silika zinazobadilika rangi, na zikilegea rangi zikaange polepole kwenye sufuria kavu hadi rangi irudi. Mchele usitumie, una unga. Begi la ngozi au la sponji si ghala, ni la safari tu. Nakuru adui ni vumbi: badilisha lenzi ukiwa umeinamisha mdomo wa kamera chini, mgongo kwenye upepo. Sensa ipulizwe kwa pampu ya mpira ya mkono. Pumzi ya mdomo ina mate, na kompresa ya fundi wa tairi, ambayo watu huijaribu kweli, hutoa mafuta na maji pamoja na hewa.

Faili ya RAW ya pikseli milioni 24 ni kama MB 25, hivyo kadi ya GB 32 huingiza zaidi ya elfu moja. Siku hiyo hiyo zihamishe kwenye folda yenye tarehe na mahali, kwa mfano 2025-03-14_dunga. Tarehe ikianza na mwaka folda hujipanga zenyewe. Nakala ya pili kwenye diski ya nje, na ya tatu ya zile bora tu isiwe nyumba moja na hizo mbili. Kadi ifomatiwe ndani ya kamera, baada ya nakala mbili kuwepo. Ukifuta kwa bahati mbaya, toa kadi papo hapo bila kupiga hata picha moja zaidi, kisha endesha PhotoRec. Picha zako bado zimo hadi zitakapoandikwa juu yake.

Kwa kuhariri, darktable au RawTherapee ni za bure. Rekebisha mwangaza, mizani ya rangi, ukate, basi. Ikikuchukua zaidi ya dakika tano kwa picha moja, ilikosewa siku ya kupigwa, na herufi yake iko kwenye daftari.

Hesabu ya mwisho wa mwaka

Tenga siku mbili. Siku ya kwanza ni ya daftari na namba. Jumlisha herufi kwa kila robo ya mwaka. Kwa kawaida T na G hushuka ndani ya miezi minne, F hupanda katikati ya mwaka kisha hushuka, na P huongezeka hadi mwisho. Kuongezeka kwa P si kurudi nyuma: makosa ya vidole yakiisha, ndipo macho yanapoanza kuona yaliyokuwepo siku zote, nguzo ya stima iliyoota kichwani mwa mtu, mkono uliokatwa kwenye kifundo, upeo wa ziwa uliopinda. Kama T bado iko juu baada ya miezi minane, tazama kasi ulizoandika. Utakuta unapiga 1/40 ndani ya nyumba kwa kuogopa ISO 1600. Chenga huvumilika, kutikisika hakuvumiliki.

Kisha fungua digiKam, ambayo husoma data ambayo kamera huiandika ndani ya kila faili, na upange picha zako ulizozipa nyota nne na tano kwa saa ya siku, kwa tundu na kwa ISO. Ukikuta karibu zote ni za kabla ya saa tatu asubuhi, huna shida ya kamera mchana, una shida ya kivuli. Rudi kwenye zoezi la mabati. Ukikuta zote ni f/1.8, umekuwa ukitumia tundu kuficha mandhari usiyojua kuyapanga, na miezi miwili ya f/8 ndiyo dawa.

Siku ya pili, chagua picha 60, bila kutazama namba wala kukumbuka taabu uliyoipata kuipiga kila moja. Zipeleke studio zikaoshwe kwa saizi ya postikadi. Kila faili iwe na pikseli 1800 kwa 1200, na mwambie mhudumu asiweke marekebisho ya moja kwa moja, kwa sababu mashine hiyo nayo hupausha ngozi. Zitandaze mezani. Toa zinazofanana hadi ibaki moja moja. Mwite mtu asiyepiga picha, fundi, dada yako, jirani, umwombe atoe zile ambazo haelewi zinaonyesha nini. Usimweleze. Endelea hadi zibaki 12. Mara nyingi ile uliyoipenda kuliko zote huondoka mapema, kwa sababu uzuri wake ulikuwa kwenye safari, na safari haikuingia kwenye fremu.

Baada ya hapo rudi mahali pa picha mojawapo ya miezi miwili ya kwanza, saa ile ile, mwezi ule ule, kwa lenzi ile ile, uipige upya. Weka mbili hizo sambamba. Tofauti itaonekana kwenye kingo za fremu kabla ya kuonekana katikati.

Kununua kuje mwisho, na kufuate namba. Kama picha nyingi za P zina maelezo ya "sikuweza kurudi nyuma", unahitaji 24 mm au 35 mm, au ile 18–55 iliyolala kabatini. Kama ni "alikuwa mbali" na mahali ni mbugani, tafuta 70–300 mm. Kama nyingi ni G za ibada na sherehe za usiku, nunua flashi ya nje inayogeuka kichwa na uielekeze kwenye dari nyeupe. Chini ya mabati yasiyo na dari haitarudi laini, ielekeze kwenye ukuta. Na kama daftari halionyeshi upungufu wowote unaojirudia, pesa hiyo ni ya nauli ya Kakamega.